Kazi Niliyoifanya kwa Jina Lako

Kaka Hamisi,

Nilikukosea, na umekufa hujui. Aliyeharibu ile stoo ya nakala za programu zote za ushirika wetu wa korosho ni mimi.

Adhuhuri ile ulikwenda kuswali, ukaniacha mimi Mkristo ofisini, kompyuta yako wazi kama kawaida. Hukuwahi kuifunga nikiwepo, uliniamini. Nilikuwa nimechoshwa na utaratibu wako: kila kipande cha programu tulichochukua kwa watu wa nje, nakala yake unaiweka kwenye seva yetu, na hakibadilishwi mpaka ukijaribu mwenyewe kwenye mizani ya korosho. Ulikuwa unasema mtandao wa Mtwara ni mwali, hautoki ndani mpaka ubembelezwe. Nami nilikuwa nacheka. Siku ile nikakaa kwenye kompyuta yako, nikazifuta nakala zote, nikaiagiza mashine inayojenga programu ichukue yenyewe chochote kipya kutoka nje. Nilitaka wepesi tu. Jioni nikaona kwenye kumbukumbu za kompyuta kazi hiyo imeandikwa kwa jina lako. Nikaiacha hivyo hivyo.

Mwenye kile kipande cha programu cha kusoma mizani akakibadilisha huko kwao. Mashine ikakivuta, ikajenga kila kitu upya. Asubuhi ya kupima korosho kijijini Mpapura, kila gunia likasoma sifuri. Watu walishinda juani na mizigo yao.

Wakubwa wakafungua kumbukumbu, wakakuta jina lako. Ukanigeukia, taratibu: "Deo, wewe ulikuwepo. Niligusa mimi?"

Nikasema, "Jina lililopo ni lako, kaka."

Ukasema basi labda umri, umesahau. Tangu hapo hata chai ulikuwa unaniuliza kama umeshatia sukari. Walipokuondoa kazini, ukanishukuru kwa kukubebea boksi lako hadi kwako Mtawanya. Ukanishukuru, Hamisi.

Meza yako naikalia mimi. Nakala nimezitafuta, nyingine wenyewe walishaziondoa huko nje, hazipatikani tena. Mpapura wamerudi kwenye madaftari. Mkeo, Bi Somoe, anawaambia watu kuwa mwishoni akili yako ilikuwa imechoka. Hata nikisema leo, wewe hutasikia. Nimechelewa, na hakuna cha kunisaidia hapo.

Ila Alhamisi hii ni arobaini yako. Kabla dua haijaanza nitasimama barazani kwako, mbele ya Bi Somoe na viongozi wa ushirika, niseme aliyegusa ni mimi. Viongozi nimeshawaalika mwenyewe, nisije nikakimbia.

Pumzika, kaka. Hukusahau kitu.

Deo