Mkono wa Kukoroga Mrututu

Gatsata, Kigali

Dada Winifred,

Wasalimu wote hapo Karagwe. Sisi hatujambo. Mvua haikatiki, na mke wangu Gaju, mimba yake sasa miezi saba, hataki chakula kingine ila ndizi za kuchoma. Mimi bado nipo maabara ya shule.

Juzi wanafunzi walikuwa wanapaka kijiko shaba kwa umeme, ndani ya maji ya mrututu, ile chumvi ya buluu yenye shaba. Maji yakitulia, shaba iliyo karibu na kijiko huisha, na ya mbali huchelewa kufika. Ndiyo maana lazima yakorogwe polepole, kwa mwendo mmoja. Mashine ya kukoroga imekufa, basi nikashika kijiti cha kioo. Kikaanza kugonga chombo, ti-ti-ti, nikashindwa kukituliza. Mshale wa kupimia umeme ukarukaruka, na watoto thelathini wakaandika kila namba kwenye madaftari yao.

"Mwalimu, unasikia baridi?" akauliza mmoja wao. Nikasema ndiyo.

Dada, haikuwa baridi. Ni mkono wa kulia, tangu Pasaka. Gaju hajui. Wewe ndiye uliyemnywesha baba chai kwa kijiko kikombe kilipomshinda. Yeye alianza akiwa na miaka mingapi? Mimi nina thelathini na minne. Nakusihi, usinifiche.

Barua nimeichapa kwa kompyuta ya shule. Sahihi peke yake ndiyo ya mkono wangu. Ilinganishe na zile za baba kwenye ripoti zako za shule.

Mdogo wako,
Sangwa