Shimo Nililowakatalia Mlangoni

Jumamosi, jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi na matope ya mtaa wetu wa Kisumu Ndogo yamenifika kifundoni. Sina furaha, na sitaki mtu aniulize.

Huu ukurasa nilifunguliwa na mjukuu wangu Akinyi, ambaye huniita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo. Alisema, "Dani, badala ya kutugombeza sisi kila siku, gombeza mtandao." Basi leo mtandao ukae vizuri usikilize. Shule niliishia darasa la tatu na ninaandika kwa kidole kimoja, kwa hivyo anayetafuta makosa atafute kazi kwanza.

Nimetoka kwa Akinyi, huko mtaa wa Gatina. Amepanga chumba kwenye ghorofa, juu kabisa, magoti yangu yamenitukana njia nzima. Anafanyia kazi watu wa mradi wa mfereji wa maji taka, ule utakaopita kando ya mto wetu. Yeye huchora ardhi ilivyo ndani. Mimi nilidhani ni uongo wa wasomi. Nani aliingia huko akaona?

Akanikalisha mbele ya kompyuta. Kumbe wale mafundi waliokuja na mashine walitoboa mashimo membamba, moja hapa, lingine kule, na kila shimo wakaandika kilichotoka: taka mpaka wapi, udongo mweusi mpaka wapi, jiwe linaanzia wapi. Akinyi anaingiza hizo namba, programu inasimamisha kila shimo kama nguzo ya rangi rangi. Akibonyeza tena, rangi zinashikana kutoka nguzo hii mpaka ile, utafikiri mtu amepasua mtaa kwa kisu ukauona ubavu wake.

Nikamwambia hiyo naijua. Mimi nauza omena, vile visamaki vikavu vya ziwani. Nikienda kununua gunia siangalii ya juu, ya juu imewekwa pale kudanganya wajinga. Naingiza mkono mpaka kiwiko, natoa ya chini, nanusa.

"Ndiyo hiyo, Dani! Shimo ni mkono kwa gunia."

Nikajiona na mimi ni injinia. Nikamuuliza nyumba yangu iko wapi hapo.

Akavuta kiti chake karibu na changu.

Akaweka kidole kati ya nguzo mbili. Ile ya huku juu karibu na kanisa, jiwe haliko mbali. Ile ya mtoni, ni taka, taka, taka mpaka chini. Katikati hakuna nguzo. Programu imevuta tu mstari kutoka hii mpaka ile, na mstari umeteremka chini ya kitanda changu kama mlevi kwenye matope. Niko kwa rangi ya taka. Na nyumba zilizo kwa hiyo rangi ndizo zitabomolewa kwanza, kwa sababu mfereji ukichimbwa hapo zitaanguka zenyewe.

Nikawaka. Nikamwambia hiyo nyumba nilijenga na babu yake, marehemu, na siku anachimba shimo la nguzo ya kona jembe liligonga jiwe, ngo! Nilikuwa nimesimama hapo hapo na karai la udongo kichwani.

"Dani, inaweza kuwa jiwe lililokuja na takataka. Si mlijaza pale na chochote?"

Tulijaza, ndiyo. Hakuna mtu kwetu alipata pa kujenga bila kujaza. Magunia ya taka, matofali ya kuvunjika, udongo juu, unakanyaga, unangoja mvua, unakanyaga tena. Hivyo ndivyo tuliusukuma mto ukatupisha. Nilikuwa nikijivunia hiyo kazi mpaka leo saa sita.

Nikamwambia basi upandishe huo mstari kidogo, si ni kidole tu, nani atajua?

"Nikipandisha, wachimbe, nyumba ikushukie ukiwa ndani? Mimi nitajua."

Nikamwita mkaidi. Nikamwambia amelelewa na omena zangu mpaka chuo kikuu, na sasa ananichorea kaburi. Akaanza kufuta kioo cha kompyuta na kitambaa, na hakikuwa na vumbi. Machozi yalikuwa yanaanguka kwa meza.

Lakini mdomo wangu haujui kupumzika. Nikauliza, hao mafundi wajinga, mbona hawakutoboa hapo kwangu katikati?

Akaniangalia. "Dani. Si ni wewe uliwafukuza? Si ulinipigia simu ukicheka?"

Ni mimi.

Walisimamisha mashine mlangoni kwangu kabisa. Na sisi huku mtu akija na mashine na vigingi, tunajua tingatinga liko nyuma. Nikawamwagia maji ya kuoshea omena. Wakakimbia wakienda kutoboa huko chini mtoni. Akina mama wakanipigia makofi. Nilisimulia sokoni wiki nzima, na kila nikisimulia, maji yanaongezeka.

Nikamwomba Akinyi awaite warudi. Nitawapikia chai, nitawaondolea hata kitanda. Akasema mashine imeshapelekwa kazi nyingine, na mchoro unatakiwa Jumatatu asubuhi.

Alichoweza kufanya ni kimoja. Chini ya nyumba yangu alifuta ule mstari akaweka wa vidoti, na juu yake alama ya kuuliza. "Huo ndio ukweli niko nao, Dani." Nikauliza injinia akiona alama ya kuuliza hufanya nini. Akasema wengine hutuma mashine tena. Wengi huchukulia ile mbaya, kwamba ni taka.

Sikumuaga vizuri. Hilo pia linaniuma.

Sasa niko nyumbani. Nimesukuma kitanda, nimechukua mchi, nimegonga sakafu pale kona. Dum. Nimegonga mlangoni. Dum. Jirani akaniuliza kupitia ukuta, "Mama, unatwanga nini na hii mvua?" Nikamwambia ashughulike na sufuria yake.

Hakuna mtu amewahi kuniuzia gunia kabla mkono wangu haujafika chini. Sakafu yangu mwenyewe, nikaikatalia mkono.

Kesho nitaenda kanisani, nitakaa mbele kama kawaida na sitamwambia mtu. Lakini wewe alama ya kuuliza, uliyelala chini ya kitanda changu miaka hii yote, niambie kabla ya Jumatatu: wewe ni jiwe au ni taka?