Mgeni Uliyemtuma Mtoni

Mutsamudu, 27 Machi 1982

Kwako Youssoufa, huko Moroni,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, ila mama ana kikohozi. Mvua ni nyingi na karafuu hazikauki.

Yule askari mamluki wa Kizungu uliyemtuma kwa baba alikuja mwanzoni mwa mwezi. "Ni mkubwa wangu kazini, mjomba, mfundishe kuvua," ulimwandikia. Baba alimfundisha. Alimkatia ufito, akamwonyesha kutia mnyoo kwenye ndoana na kusimama mbali na ukingo, kivuli kisije kikawatisha samaki. Kisha akamwambia angoje. Mzungu hakuweza kungoja. Mkunga alipouma ndoana, alivuta kwa pupa, mshipi ukakatika. Akageuka akamzaba baba kofi, mbele ya wanawake waliokuwa wakifua.

Nilikuwepo, nimeshika kikapu. Baba alisema, "Samahani, bwana. Tujaribu tena." Akatia mnyoo mwingine.

Tangu siku hiyo haendi mtoni, na msikitini haendi kwa aibu. Lakini bado ananiuliza kama umeandika. Anataka harusi yetu iwe baada ya Ramadhani, kwa kuwa anasema wewe huna kosa.

Mimi nasema unalo. Watu hao unawajua, unakula nao kila siku.

Saa na nguo ulizoniletea siku ya posa nimempa dada yako Nadjati akurudishie. Baba hajajua. Alipopigwa hakulia, lakini leo nikimwambia, atalia.

Ni mimi, binti Mouzaoir,
Bahiat