Picha ya Jumba la Valsin

Kando ya Mto Cane,
Louisiana.
9 Novemba 1994

Mpendwa Mjomba Alcide,

Pokea salamu zetu. U hali gani huko Detroit? Na goti lako je, baridi imeanza kulisumbua? Mama na mimi hatujambo. Bibi Ozite, mama yako, naye yu mzima, ila macho yamezidi kufifia. Mtoto wa jicho atatolewa kabla ya Krismasi.

Sikukuu ya Watakatifu Wote tuliyapaka makaburi chokaa, tukaweka maua, tukarudi kula gambo, mchuzi wetu wa bamia. Sahani yako iliwekwa mezani hivyo hivyo.

Mjomba, mdomo wangu umeshindwa, labda kalamu itaweza. Ile picha ya jumba la Valsin haipo tena.

Unaijua desturi ya Bibi: mkesha wa sikukuu, vinara na vijiko vyote husuguliwa kwa majivu na siki. Safari hii aliitoa na picha kwenye kioo chake, maana ni bamba la fedha na lilikuwa limeanza kuwa jeusi pembeni. Mimi nilikuwa uani nikisuuza vinara. Niliporudi nilimkuta akilisugua huku akicheka.

"Akina Valsin hawakujua kusafisha fedha yao wenyewe. Sisi ndio tuliowasafishia, na leo tunawasafishia tena."

Picha zile za kale hukaa juu ya fedha kama vumbi tu. Jumba lilikuwa limekwenda, na nguzo zake, na ngazi. Na Célanire, mtumwa wao, aliyesimama kando ya ngazi na ndoo yake, mama wa ukoo wetu, ambaye hatuna sura yake nyingine popote. Ulipotaka kutoa nakala, Bibi alikukatalia. Nilipoinama kutazama, niliuona uso wangu mwenyewe.

"Haya, mjukuu wangu," Bibi akasema, "wewe mwenye macho. Anaonekana?"

Nikasema anaonekana.

Tangu hapo, kila jioni hunikalisha na lile bamba. "Nieleze mama yetu alivyo." Mwanzoni nilisema niliyoyakumbuka. Juzi, sijui kwa nini, nikamvika hereni.

"Hereni? Kumbe walimwachia hereni," Bibi akasema, na jana akashinda na furaha siku nzima. Mama alinivuta jikoni. "Umelikoroga wewe, na utalinywa."

Nitalinywa, Mjomba. Nitamwambia mwenyewe, kabla macho yake hayajafunguliwa. Ila njoo ukae karibu naye siku hiyo, maana atakapojua ni mkono wake uliomfuta, mimi sitatosha.

Na kabla hujaja, niandikie jambo moja. Célanire alikuwa akilitazama jumba, au alikuwa akitutazama sisi? Nimemsimulia mara nyingi mno, hata sijui tena.

Msalimie mkaza mjomba Eula, na Théo mdogo. Mungu akutangulie njiani.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kukungoja,

Noélie