Mtoto Niliyempimisha Si Wangu

Mpendwa Shangazi Ayan,

Naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi ndiyo siku nimeambiwa nipeleke mtoto hospitali na mimi sijui nipeleke mtoto yupi. Utanisamehe mwandiko, shule niliachia darasa la sita, lakini hii siwezi kumpa mtu aniandikie, naandika mwenyewe hapa jikoni na nitapiga picha nikutumie kwa simu, na tafadhali ubadilishe majina.

Mimi ni mama wa watoto wanne, huyu wa mwisho anaitwa Omosa, bado ananyonya. Nikiwa na mimba yake nilikuwa naenda kliniki na huko nikakutana na watu wa risachi, wanafuatilia magonjwa ambayo mama anaweza kumpa mtoto akiwa tumboni ama akimzaa, wakaniuliza kama nitakubali kuingia, nikakubali kwa roho safi kwa sababu walinieleza polepole na walinipima vizuri kuliko nilivyowahi kupimwa kwa wale watatu wa kwanza. Damu walitoa mara mbili na mara zote wakasema mama uko sawa. Nikajifungua hospitalini bila shida, na wakasema watakuwa wanakuja nyumbani kumwangalia mtoto mpaka afikishe mwaka.

Mara ya kwanza alikuja baba mmoja mpole, akamwona Omosa, hakuna neno. Kisha huyo akahamishwa akaja msichana anaitwa Roselyne. Shangazi, huyo msichana hana makosa, nataka uelewe hivyo kabla sijaendelea. Anasalimu vizuri, anavua viatu mlangoni hata ukimwambia ingia navyo. Lakini mama mkwe wangu alipomuuliza yeye ni wa nani, akataja kwao ni mlima ule wa pili, mama mkwe akamchukua Omosa kwa mikono yangu akaingia naye chumba cha ndani akisema mtoto anataka kulala, na mtoto macho yalikuwa wazi namna hii. Roselyne akangoja, akangoja, akasema atarudi wiki ijayo.

Ndipo mama mkwe akaniambia. "Hao wana macho. Nyanya yake akitazama ndama, kesho yake ndama hasimami. Unataka amvue mjukuu wangu nguo amtazame mwili mzima?" Kwetu jambo hilo tunaliita ebibiriria, mtu anazaliwa na macho ya namna hiyo hata kama mwenyewe hapendi, akimtazama mtoto mchanga kitu kama vumbi kinashika kwa ngozi, mtoto analia, anakonda, mpaka apakwe siagi kitolewe. Mimi sijui kama naamini ama siamini. Lakini ukiwa umeshika mtoto mdogo hivyo hutaki kujaribu uone, si ndiyo? Na kumwambia Roselyne asije, nitampa sababu gani? Huyo ni mtoto wa watu, nimwaibishe kwa kitu hakujiletea? Nikashindwa.

Sasa nina jirani, tumwite Kemuma, tumepakana mfereji tu, tunachuma majani chai pamoja, na tukiwa na mimba tulikuwa tunacheka kwamba tutazaa siku moja, na kweli tulikaribiana. Yeye kliniki hakwenda, alisema hao manesi kazi yao ni kugombeza watu, akazalia nyumbani, na wake pia ni kijana, anaitwa Nyangau. Nilipomweleza habari ya Roselyne akacheka mpaka akashika mlango.

"Mama Omosa, wewe ni mwoga sana! Chukua wangu. Huyu ameshatazamwa na Magwagwa yote siku ya soko, macho yamemzoea."

"Kemuma, si huo ni uongo?"

"Uongo uko wapi? Wao wanataka mtoto, si tunawapa mtoto? Na wangu atapimwa bure, kwani ubaya ni nini?"

Basi ikawa hivyo. Roselyne akija, Omosa yuko ndani na nyanya yake, mimi nimekaa na Nyangau kwa mapaja, na Kemuma yuko kando kama mgeni anakunywa chai. Roselyne akamweka mtoto kwa mizani akasema, "Omosa hajaongeza vile nilitarajia. Mama, ananyonya vizuri?" na Kemuma akadakia, "Mgombeze! Mimi humwambia kila siku, huyu mtoto humnyonyeshi!" Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Roselyne akaona pia mtoto ana mafua ya kuziba pua na nyayo zake zinabambuka ngozi, akauliza hayo yameanza lini, na Kemuma ndiye alijibu, mimi nikawa naitikia kwa kichwa. Kisha akamdunga kisigino, akachukua damu, akaenda. Tulicheka siku hiyo, Shangazi. Nakuambia tulicheka.

Ijumaa iliyopita Roselyne akapiga simu, sauti si ile ya siku zote, nije na mtoto, na baba yake akiweza pia aje. Nikaenda peke yangu nikasema mtoto ameshikwa na usingizi nimemwacha na nyanya yake. Daktari akafunga mlango akaniambia damu ya Omosa imeonyesha kaswende. Akaongeza haraka kama mtu anayeogopa nitaanguka, "Inatibika, mama, lakini lazima mtoto aanze sindano, ikikaa itaharibu mifupa na inaweza kumuua. Kinachotushangaza ni wewe. Mtoto huipata kwa mama, na wewe tumekupima huna." Wakanitoa damu tena. Alitaka nimlete mtoto siku ile ile, mimi nikasema nyumbani kuna mambo, nikaomba mpaka Alhamisi, na hakupenda, niliona kwa uso. Mimi pale kwa kiti nilijua kwa nini anashangaa, nilijua kila kitu, nikaaga nikatoka.

Nikirudi, Kemuma akaniita kutoka ng'ambo ya mfereji, "Wamesemaje juu ya mtoto wetu?" Nikajibu, "Wamesema anaendelea vizuri." Hayo ndiyo yalitoka, Shangazi, na yeye akaendelea kuanika nguo.

Sasa tazama nilipo. Mume wangu Obwocha ndiye alishika simu ya pili ya Roselyne, akaambiwa yeye pia anahitajika kwa kipimo, na tangu hapo ananiuliza, "Mimi nipimwe nini? Umeleta nini kwa hii nyumba?" Nikimwambia ukweli nyumba yangu inapona lakini atajua ni Kemuma, na habari itamfikia bwana yake Kemuma, anafanya kazi Suneka, huja mwisho wa wiki, na ni mtu wa mkono mwepesi kupiga. Atauliza bibi yake ameitoa wapi hata kama ni yeye mwenyewe ameileta. Kemuma naye atasema nimemtangaza.

Kwa hivyo nimefikiria hivi. Alhamisi nimwambie Kemuma nampeleka Nyangau kupimwa uzito kama kawaida, wamdunge hizo sindano kwa jina la Omosa, apone, na hakuna mtu anaumia wala kujua. Ubaya uko wapi hapo? Nikisema ukweli si nitashikwa kwa kudanganya serikali, na Roselyne afutwe kazi? Nampenda Kemuma kama dada. Kila nikimsikia huyo mtoto akinyonya huku anakoroma kwa pua, moyo wangu unapasuka. Nijibu haraka.

Mimi,
Mama wa Wanne, Nyamira.

*

Mama wa Wanne,

Sikungoja ukurasa huu uchapishwe. Nilikupigia asubuhi ile ile nilipoipata barua yako, na ninayoandika hapa ni yale niliyokuambia kwa simu, nikiyachapisha kwa idhini yako. Majina na kijiji nimebadilisha. Nachapisha kwa sababu wako akina mama wengine wanaowachezea watu wa utafiti wakidhani ni mzaha usioumiza mtu.

Barua yako nimeisoma mara mbili na sijaona mahali ulipotaka kumdhuru yeyote. Uliogopa kwa ajili ya mtoto, ukaogopa kumwaibisha binti wa watu. Haya, hiyo ni roho nzuri. Lakini tangu Ijumaa unajua mtoto wa Kemuma ni mgonjwa na mama yake hajui. Hapo usiniambie tena habari ya roho nzuri.

Huo mpango wa Alhamisi utupe. Umeufikiria mpaka mwisho kweli? Mtoto mchanga mwenye kaswende hapigwi sindano moja akarudishwa nyumbani. Hulazwa wodini, sindano ni kila siku kwa siku kadhaa, na mama yake hulala naye akimnyonyesha. Nyangau utamnyonyesha wewe? Kemuma atakaa nyumbani na matiti yamejaa akisubiri mtoto arudi kutoka kwa mizani? Na hata ungeweza, utakuwa umemtibu mtoto na kumwacha mama. Daktari alishakuambia mtoto huipata kwa mama. Basi Kemuma anayo, na hana habari, na mimba yake nyingine inaweza kuharibika au mtoto azaliwe amekufa. Dawa yake ni penisilini, sindano ya siku nyingi inayojulikana kila hospitali. Kinachomzuia Kemuma kuipata sasa ni wewe.

Halafu kuna Omosa. Hakuna aliyemwangalia tangu yule baba mpole ahame. Umemficha ili Roselyne asimwone, na mizani pia haijamwona, na angekuwa na shida wewe ungesoma majibu ya mtoto wa jirani na kufurahi.

Na wale watafiti nao. Wanafuatilia watoto wengi ili wajue ugonjwa upi unapenya kutoka kwa mama na upi unazuiliwa kliniki. Ukiwaachia mtoto mgonjwa wa mama mzima, kuna mtu atakaa akidhani kipimo kile ulichopimwa wewe ukiwa mjamzito kinadanganya. Kumbe kipimo ni kizima, na kingemwokoa Nyangau kabla hajazaliwa kama mama yake angekipata.

Juu ya macho sitabishana na mama mkwe wako. Mimi nimezaliwa hapa Kisii mjini, kwetu ni wauza nguo, na kwa mama yangu mgeni hakumsifu mtoto bila kusema Mashallah kwanza, na asiposema alikumbushwa mbele za watu. Siwezi kukuita mjinga. Lakini njia ulikuwa nayo. Ulipokubali kuingia ulielezwa kwamba unaweza kukataa jambo, au kutoka kabisa, bila kutoa sababu. Ungepiga simu ofisini kwao ukasema, "Naomba mtu mwingine aje kwangu." Basi. Roselyne asingejua kinachosemwa juu ya nyanya yake, na wewe usingekopa mtoto.

Sasa fanya hivi, na ni leo, achana na Alhamisi.

Mpigie Roselyne. Mwambie, "Mtoto uliyemtoa damu si Omosa. Kosa ni langu. Namleta mtoto mwenyewe pamoja na mama yake, leo." Hakuna askari atakayekuja. Watakugombeza, nawe ukae ugombezwe. Ukifika mwambie mkubwa wake kwa mdomo wako kwamba binti huyo alidanganywa, asije akabeba mzigo wenu.

Kisha vuka mfereji. Ngoja Kemuma awe peke yake. Jina la ugonjwa usilitaje wewe. Hilo ni la daktari, chumbani, mlango umefungwa, yeye na Kemuma. Wewe mwambie, "Damu waliyochukua ni ya Nyangau, imeonyesha kitu, inatibika, na wanamtaka leo." Atakuuliza ni kitu gani. Mjibu, "Hiyo utaambiwa wewe kwanza, si mimi." Usimwongezee maoni yako kuhusu bwana yake wala Suneka. Hujui ilianzia wapi, na kwa leo haijalishi.

Yule bwana wa mkono mwepesi, mtajeni kwa nesi mapema, kabla Kemuma hajarudi nyumbani. Wanajua kumwita mume apimwe na kutibiwa bila kumrushia mke mzigo, na kama Kemuma anaogopa, aseme hapo hapo akiwa bado wodini. Usimwache aende kumweleza mwenyewe jikoni.

Obwocha mwambie jioni hii. Damu iliyopimwa haikuwa ya mtoto wenu, wewe ndiye uliyechanganya mambo, na damu yako ni safi. Akiuliza ni ya nani, mwambie hilo si letu. Akikisia, mwombe anyamaze kama vile angependa wewe ungenyamaza kwa ajili yake. Na Omosa aende akapimwe, mama mkwe apende asipende. Nesi mwingine atampima.

Kemuma atakukasirikia. Atasema ulijua tangu Ijumaa ukamwambia mtoto anaendelea vizuri, na atakuwa anasema kweli. Usijitetee. Mwache aseme njia nzima mpaka hospitalini. Wewe beba mkoba wa mtoto, na mtembee.