Ustadha Mwenye Waya

Jumatano, jioni. Rasharasha tangu alasiri, na Kibarani yote inanuka udongo mbichi. Nimetoka madrasa nikiwa na furaha. Sijui niiweke wapi, basi naiweka hapa.

Habari ni ya dada yangu, Da Khadija. Amevuka hamsini, anasomesha Kurani watoto wa mtaa huu tangu mimi sijaolewa, na meno yake yamefungwa waya kama msichana wa sekondari.

Hakuzifunga kwa urembo. Miaka nenda miaka rudi taya lake lilikuwa likialika kila akipiga miayo, nasi tukimcheka. Kisha siku moja likakwama katikati ya somo, mdomo wazi, watoto wakadhani anawatania. Daktari wa meno huko Malindi akamwonyesha kwenye kioo: meno ya upande mmoja hayakutani sawasawa, kwa hiyo kila akifunga mdomo taya lateleza pembeni, na kile kiungo kilicho mbele ya sikio kinachoka. Kwanza akampa kibao cha plastiki cha kuvaa menoni akilala, mazoezi, na kitambaa cha moto. Maumivu yalipotulia ndipo akamfunga waya. Alimwambia wazi kwamba meno yatapangika, lakini ule mlio wa taya hawezi kuahidi kuwa utaondoka.

Ningekuwa mimi, ningeshukuru na kwenda zangu bila waya. Yeye aliacha mabuyu, akaacha mihogo ya kukaanga, akawa mtu wa uji na tambi.

Njaa aliivumilia. Kilichomtia majonzi ni darasa. Watoto wake husoma kwa kumtazama mdomo: anatamka, wanatazama, wanafuata. Waya zilipoingia, herufi zinazotaka ncha ya ulimi iguse meno zikawa zinatoka na upepo. Na watoto, kwa utiifu wao, wakaufuata na upepo. Darasa zima likawa linasoma kwa kupuliza, likiamini ndivyo.

Nilicheka hadi machozi.

Yeye hakucheka.

Juzi baba wa mwanafunzi mmoja alinijia, akaniomba nimwambie dada apumzike mpaka waya zitolewe. Alisema kwa heshima, na haki alikuwa nayo, maana Kurani haisomeshwi kwa kubahatisha. Nilimfikishia Da Khadija.

"Nisiposomesha, mie n'nani?" akaniuliza.

Usiku wote nilihofu kwamba atakwenda kuzitoa, na taya limrudie lile lile.

Leo nilimpelekea mwavuli. Nilipochungulia mlangoni nilimkuta amekaa mkekani, safu moja na watoto. Mahali pake alikuwa Rukia, mwanamke ambaye Da Khadija ndiye aliyemfundisha alifu kwa kijiti, na ambaye sasa ni mama wa watoto wake mwenyewe. Rukia alikuwa akitamka, na ustadha wake akifuata pamoja na darasa.

"Bado, ustadha," Rukia alisema, macho chini kwa haya.

"Usinionee haya, mwanangu. Nitazame mdomo uniambie."

Dada akarudia. Bado. Akarudia tena, jasho likimtoka chini ya buibui. Nilitamani kuingia nimtoe.

Wakati huo huo masikio yake yalikuwa kazini. Kila mtoto aliyekosea alimshika kwa jina, hata wa safu ya nyuma kabisa. Mdomo wa kutazamwa ulikuwa wa Rukia, lakini darasa lilikuwa lake bado. Nikaelewa kwamba haachi waya na haachi watoto. Nilimpenda dada yangu pale mlangoni kuliko siku zote nilizopata kumpenda.

Kitoto kimoja cha kike kilichokaa ubavuni mwake kikapatia herufi, safi, bila upepo. Kikamgeukia, kikamngoja.

Da Khadija akajaribu. Upepo ukatoka.

"Wewe umepata," akamwambia, akimpapasa kichwa. "Mimi bado. Haya, nisomeshe."

Na kitoto kikamsomesha.

Sasa nimekaa na swali ambalo sitalimaliza leo. Katika kile kitu kimoja ninachokijua kuliko vyote, ningeweza kukaa mkekani, mbele ya wale niliowafundisha, nikasema "bado"?