Mtani Alipomwiga Bibi Akisali

Jumapili, Mikumi. Mawingu tangu asubuhi, mvua haieleweki kama inakuja au inapita. Hata mimi sieleweki.

Wiki iliyopita tulimzika Bibi, Kilosa. Nilidhani leo ningeandika kuhusu imani yake: alivyopiga magoti kila alfajiri kando ya kitanda, akitutaja watoto na wajukuu kwa majina, kuanzia mkubwa, hata wale waliomnunia. Nikiwa mdogo niliyasikia majina usingizini. Aliyotuombea sikuwahi kuyasikia.

Lakini kichwani nina Mama Zuhura tu.

Ni jirani wa Bibi wa ukuta mmoja, na ni mtani wa ukoo wetu. Msibani watani wana ruhusa zao. Alijifunga kitenge cha Bibi cha kanisani, akavaa miwani yake, akapiga magoti katikati ya waombolezaji na kuanza kumwiga akisali. Yeye ni Mwislamu, lakini sauti ilikuwa ya Bibi kabisa. Watu walivunjika mbavu, hata mama yangu. Akafika kwangu.

"Na Neema wangu wa Mikumi, Baba, umrudishe nyumbani. Mimi namdanganya akae huko, ila wewe unanijua."

Wakacheka. Nami nikacheka.

Kila nilipompigia simu kutoka hapa gesti ninapofanya kazi, Bibi aliniambia, "Kaa huko mjukuu wangu, huku hatuna shida." Nilimwamini. Ilikuwa rahisi kumwamini.

Jioni nilimfuata Mama Zuhura jikoni, nikamwamkia, nikamuuliza kama kweli Bibi alisali vile.

"Marahaba. Mtani haulizwi," alisema. "Kalete soda."

Nikaleta. Akanywa, akanishika shavu, akarudi kwenye masufuria yake.

Nimechanganyikiwa. Watani hutunga, ndiyo kazi yao, na huruhusiwi kuwakasirikia. Lakini nani mwingine alimsikia Bibi alfajiri zote hizo? Namkasirikia Bibi kwa kunificha, kisha naona aibu kumkasirikia marehemu, kisha nammisi tu na kulia.

Leo alfajiri nilipiga magoti hapa chumbani, nikataja majina yote kwa mpangilio wake. Nilipofika kwenye langu nikakwama. Niombe nirudishwe, au niachwe hapa?

Nilikaa hivyo hadi magoti yakauma. Mwishowe nikasema tu, "Na Neema."